Na Commandant Udaga, Kutoka Bigo Mupaka Kiwanjani

Vijana wa kompani wameniomba niandike namna tulivyokuwa tunafanya kazi zamani, wakati wao walikuwa wangali mugongoni kwa mama zao. Nimepumuzika sasa, muda iko. Sitaandika juu ya mistari ya dhahabu ya begani, maana fundi yeyote wa cherehani anaweza kukushonea ile, wala juu ya mushahara, maana wa kwetu ulikuwa unachelewa kuliko ndege. Nitaandika juu ya mutu mumoja, Commandant Udaga, rubani mukuu mwenye alinifundisha kurusha ndege katika anga ya Ituri, na juu ya miezi miwili yenye nilinyamaza karibu naye wakati nilipaswa kusema.

Nilifika Bunia mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitoka shule ya ndege kule Kinshasa. Nyumbani kwetu ni Bogoro. Nilipokuwa mutoto nilizoea kuacha jembe katikati ya shamba la baba na kutazama ndege zikishuka upande wa ziwa, na baba alizoea kunikumbusha kwamba muhogo haulimwi na macho. Kompani ilikuwa ndogo: biro moja, ofisi ya mabati, marubani wanne, fundi Lonema, na ndege mbili za DC-3 zenye zilikuwa na umri mukubwa kuliko mie. Ni ndege ya moteur mbili, yaani injini mbili, inakaa chini mukia wake ukigusa udongo na pua ikitazama mawingu, hata ukiwa ndani ukitaka kwenda kiti cha mbele unapanda kama mutu anapanda kilima.

Siku ya kwanza nilivaa shati nyeupe, nikangoja jeep ya kompani ije kunichukua kwenye chumba nilipanga, mutaa wa Lumumba pale Bunia. Jeep ilichelewa. Nilipofika kiwanjani ndege ilikuwa imekwisha kuondoka bila mie. Nikaketi karibu na mapipa ya mafuta mupaka saa sita, ndege ikarudi, akashuka Commandant Udaga, mutu mufupi, mweusi sana, kofia imekaa sawasawa kichwani. Hakuuliza jina langu. Aliuliza nimefika namna gani. Nikasema na jeep. Akauliza asubuhi upepo ulikuwa unatoka wapi. Sikujua. Akauliza juu ya ile milima ya upande wa ziwa, kama kichwa yake ilikuwa wazi ama imefunikwa. Hiyo pia sikujua.

Akasema, "Basi haujafika kazini bado. Kesho ukuje na miguu."

Ndivyo ilianza safari yetu ya kila asubuhi. Yeye alikaa mutaa wa Bigo. Alikuwa na kinga, baiskeli ya Kichina, nyeusi, lakini akifika kwangu Lumumba alikuwa anashuka na kuisukuma, ili tutembee pamoja. Jeep ikitupita, alikuwa anamupungia shofere mukono kwa adabu na kuendelea kutembea. Ile njia ndiyo ilikuwa shule yangu. Alinionyesha namna moshi wa majiko unalala asubuhi, na maana yake kwa upepo wa saa nne. Alinifundisha kutazama ukungu juu ya mto Nyamukau: ukiwa mwembamba utaondoka na jua, ukiwa kama pamba ngoja, kunywa chai. Na alikuwa anasalimia watu. Mutu angali mbali, mie naona kivuli tu, yeye amekwisha kumuita jina na kuuliza habari ya mugonjwa wake. Nilikuwa nashangaa macho yale.

Alikuwa na sheria moja ya njia: ukifika mulango wa kiwanja na kichwa yako ingali nyumbani, useme. Mutoto amelala na homa, umegombana na bibi, umekunywa kwenye matanga, sema. Hakuna azabu. Mwingine atakwenda. Siku moja mwenzetu alisema, na Udaga alikwenda mahali pake, safari mbili mufululizo mupaka Isiro, na hakumurudishia neno hilo kamwe. Niliona kompani zingine baadaye, kubwa, zenye mabasi yenye viyoyozi ya kuleta marubani kazini. Mabasi ilikuwa mazuri. Hakuna mwenye alikuwa anakuuliza kitu pale mulangoni.

Vyombo vyake vilikuwa vichache. Kijiti cha mbao chenye alichora mistari kwa kisu, cha kutia ndani ya tanki na kupima mafuta, kwa sababu saa ya mafuta ya ndege ile ilikuwa inasema yenye inapenda. Kipande cha ngozi laini ya kuchujia mafuta, maana yalikuwa yanakuja ndani ya mapipa yenye kutu, na tulikuwa tunayapampu kwa mukono. Fundi Lonema alikuwa anasema kama moteur haivuje mafuta mazito hata tone, ni kwamba yamekwisha. Udaga hakucheka. Alikuwa anaweka karai chini ya kila moteur asubuhi na kutazama matone imefika wapi.

Sasa, sheria za kabine. Kule mbele, kwetu wawili, sheria ilikuwa moja, na ilikuwa neno moja: "Tupande." Mwenye anasema "Tupande", akiwa commandant ama copilote, rubani wa pili, wa siku ya kwanza, ndege inapanda. Hakuna kuuliza kwa nini, hakuna kusema ngoja kidogo. Maswali yanabaki chini, yatajibiwa chini. Wakati ule commandant wengi walikuwa wanaona copilote kama mutu wa kubeba mukoba. Udaga alinitazama akaniambia, "Siku utakuwa unaogopa kuniambia mie hiyo neno, uache kazi. Mie pia niache."

Kule nyuma, sheria ilikuwa mikononi mwa dada Furaha, mwenye kuhudumia abiria. Alikuwa binti mwembamba wa Mahagi, sauti ya chini, na hakuna mutu mukubwa mwenye alipanda bila kusimama juu ya bascule yake, ile mizani ya magunia ya kahawa. Kuku walipanda miguu imefungwa. Samaki mukavu ndiyo, samaki mubichi hapana, kwa sababu maji yake yanaingia chini ya sakafu na kuila. Mama mumoja aliwahi kupanda na jiko dogo ndani ya kikapu, akitaka kupasha uji wa mutoto juu ya Mongbwalu. Furaha alikisikia kijiti cha kiberiti kabla hakijawaka, sijui namna gani.

Lakini vita yake kubwa ilikuwa na zebaki, ile dawa yenye kumetameta ya watu wa dhahabu. Zebaki ikimwagika juu ya aluminiamu inaila kama mchwa, na ndege nzima ni aluminiamu. Watu walikuwa hawaamini. Basi Udaga alichukua kifuniko cha sufuria, akakikwangua kidogo, akatia tone moja, akakiacha biro. Kesho yake kifuniko kiliota unga mweupe kama ndevu, na ukikibonyeza kidole kinapita. Furaha alikitundika karibu na bascule. Kila mutu wa Mongbwalu, kule wanachimba dhahabu, alikuwa anaonyeshwa kifuniko na kuulizwa polepole kama anataka kuketi ndani ya sufuria ile juu ya pori. Chupa zilikuwa zinatoka mifukoni, ndani ya soksi, siku moja ndani ya thermos ya mutu mwenye alitaka kutuapia kwamba ni chai.

Katikati ya miaka ya sabini mafuta ilianza kukosa. Jirani yetu pale kiwanjani alikuwa misioni, yenye ilikuwa na ndege tatu ndogo za kubeba wagonjwa na wapasta. Mukubwa wa marubani wao alikuwa muzungu murefu, Bwana Erik, mwenye alijifunza Kiswahili ndani ya Biblia, hata akiomba spana unafikiri anataka kubatiza mutu. Muda wote ule tulikuwa tunapungiana mikono tu. Wao walituona siye kama watu wa biashara na pombe. Siye tuliwaona kama watu wenye ndege safi kupita kiasi. Udaga ndiye alivuka. Siku moja alichukua kiti chake cha kamba, akaenda kuketi chini ya bawa ya ndege ya Erik, na wakaongea mupaka kivuli cha bawa kiliwahama.

Wakatoka na ukurasa mumoja wa mapatano. Mapipa ya mafuta kwenye viwanja vya pori yatakuwa ya wote wawili. Radio ya huyu itasikiliza ndege ya yule. Kiti kikibaki wazi kwa huyu, mugonjwa wa yule atakaa. Na abiria wa pande zote watafuata sheria yenye ni kali kuliko ingine. Pale palikuwa na kazi. Misioni ilikubali bascule na kifuniko cha zebaki. Siye tukakubali kutobeba kasiksi, pombe ya ndizi, wakati abiria wao wako ndani, jambo lenye liliumiza wateja wetu wengi. Wao walikuwa wanaomba kabla ya kuwasha moteur. Udaga, Mukatoliki, alikuwa anangoja wapasta wamalize maombi marefu, halafu anafanya alama ya musalaba kwa haraka, na Hadji mumoja wa Mongbwalu mwenye alikuwa musafiri wetu wa siku zote alikuwa anasoma yake kimya. Furaha alisema hakuna ndege nyingine katika Zaïre yenye inaondoka ikiwa imefungwa na kamba tatu.

Jambo la mwisho kwenye ukurasa ule Udaga aliliandika na mukono wake mwenyewe: kila mwaka marubani wa pande zote mbili watapimwa macho na moyo na daktari wa misioni, siku moja, mustari mumoja, bila mutu hata mumoja kukosa. Erik aliuliza kama watu wetu watakubali. Udaga akasema yeye atakuwa wa kwanza kwenye mustari. Na alikuwa wa kwanza, miaka yote.

Tulifanya kazi namna hiyo miaka mingi. Nilimujua mutu yule kuliko nilivyomujua baba yangu. Kwa hiyo ninapaswa kusema nilianza kuona lini.

Ilikuwa kiangazi kimoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kwanza ni salamu. Watu ndio walianza kumusalimia, naye anageuka, anatafuta sauti, halafu anaita jina. Nikafikiri amechoka. Halafu ni masomo. Tangu zamani alikuwa ananiambia nisome saa za mbele yetu kwa sauti, kimo, mwendo, joto ya mafuta. Alisema copilote mwenye hasomi kwa sauti amelala. Sasa alianza kunisomesha zote, kila dakika, nami nikawa najivuna kwamba muzee ananiandaa kukaa kiti chake. Mupaka leo sijui siku gani masomo ilikuwa masomo na siku gani ilikuwa macho.

Halafu asubuhi moja nilimukuta amenisubiri Bigo, nilikuwa nimelala kwa shangazi upande ule. Tukaondoka. Mbuzi mweupe alikuwa amesimama katikati ya njia, njia yenyewe nyeupe na vumbi, jua linatupiga usoni. Udaga alikuwa juu ya kinga. Alimugonga mbuzi yule sawasawa, wote wawili wakaanguka. Nikamuinua. Akapangusa suruali, akamuomba mwenye mbuzi musamaha, akasema breki imekufa. Nilishika breki ile tulipokuwa tunatembea. Ilikuwa nzima.

Pale ndipo nilijua. Na sikusema. Nilijiambia kwamba siku ya kupimwa itafika yenyewe baada ya miezi michache. Nilijiambia kwamba mie niko karibu, macho yangu ni mazuri, inatosha kwa wawili. Nilijiambia kwamba mutoto hamuambii baba yake kwamba ni kipofu. Kila asubuhi tulipofika mulangoni mwa kiwanja alikuwa anauliza kama kawaida, kichwa yako imefika? Nami nikajibu imefika. Sikumuuliza yeye.

Miezi miwili ilipita namna hiyo. Siku yenyewe tulikuwa na abiria kumi na tisa, wengi wamama wa biashara ya samaki, masista wawili, na mugonjwa mumoja wa misioni juu ya kitanda. Tulikuwa tunaenda kutua kwenye kiwanja cha majani kando ya ziwa, chini ya Mahagi. Kiwanja kile kinakaa mbele ya maji, na saa nne jua linawaka juu ya ziwa kama bati mupya. Majani yalikuwa yamekauka, rangi ya udongo. Tulipita juu mara moja kukitazama, kama sheria inavyotaka, na Udaga akasema ni wazi. Nami, aibu yangu ndiyo hii, nilikuwa natazama saa na kusoma namba.

Tukageuka, tukashuka. Magurudumu yalikuwa nje. Niliinua kichwa nikaona udongo wa katikati ya piste, pale pa kutua, unapumua. Zilikuwa ngombe, zimelala. Rangi yao na ya majani ilikuwa moja. Udaga alikuwa anashusha ndege polepole, mikono imetulia kabisa, anaenda juu yao kama mutu anaenda kitandani kwake.

Nikasema, "Tupande."

Sikumaliza neno, mukono wake ulikuwa umekwisha kusukuma moteur zote mbili mupaka mwisho. Hakunitazama. Hakuuliza. Ndege ilinguruma, ikakaa kidogo hewani kama ina mashaka, ikapanda. Ngombe zilisimama chini yetu, na niliona wazi mutu wa kuzichunga akikimbia na fimbo, muzee mwenye kofia ya majani, mudomo wazi. Kule nyuma wamama walipiga kelele mara moja, halafu nikasikia sauti ya Furaha ikiwaambia waketi.

Tulipofika juu Udaga alitoa mikono kwenye usukani. Akasema, "Shika weye."

Nikashika. Nilizunguka mupaka ngombe zikaondoka, nikatua. Abiria walishuka, wakasifu Mungu, wengine wakamusifu Commandant, naye akawapa mukono mumoja mumoja, hasa mugonjwa. Halafu akatembea peke yake mupaka katikati ya kiwanja. Nilimuona anainama. Alikuwa anatafuta kinyesi cha ngombe. Alipokipata akaweka kiganja juu yake, kingali moto, akasimama, akahesabu hatua mupaka mahali magurudumu yetu yangegusa. Akarudi.

Aliuliza zilikuwa ngapi. Nikasema saba.

"Mie niliona majani," akasema. Halafu akauliza, "Ulijua?"

"Nilijua, Commandant."

"Tangu lini?"

"Tangu mbuzi ya Bigo."

Nilingoja anikasirikie juu ya neno lenye nilisema hewani, ama anishukuru. Hakufanya moja wala lingine. Alisema kwa sauti ya chini, ili Furaha asisikie: "Miezi miwili ulikuwa unanichungia heshima. Kule nyuma iko watu kumi na tisa. Hapana hata mumoja alipanda ndege kwa ajili ya heshima yangu."

Akatazama ziwa, macho ikitoa machozi na ule mwanga, akaongeza, "Na mie nilikuwa najichungia yangu. Basi tuko wawili."

Kwenye kurudi alikaa kiti changu, cha kulia. Alinijibia radio, alinifungulia ramani, kila kitu chenye copilote anapaswa kufanya, bila kukosa. Sijapata tena copilote kama yule.

Mchana ule aliniomba nifike kwake Bigo. Bibi yake, Mama Akumu, alileta chai. Udaga alimueleza mambo ya ngombe bila kupunguza kitu, halafu akasema anataka nisikie yeye akimuambia, ili kesho kule biro asitafute maneno mengine. Mama Akumu alisikiliza mupaka mwisho. Alichukua kikombe cha bwana yake, akakijaza yeye mwenyewe, akakiweka ndani ya mukono wake, akafunga vidole vyake juu ya sikio la kikombe. Niliona kwamba alikuwa amezoea kufanya hivyo.

Akaniambia, "Siye wawili tulimuchunga, mutoto wangu. Mie nyumbani, weye kazini. Tulimuchunga vibaya."

Udaga alikunywa chai yake. Hakumugombeza. Alimuambia tu kwamba kesho atamuhitaji amusindikize.

Kesho yake alikwenda biro na miguu, Mama Akumu upande mumoja, mie upande mwingine. Bwana Erik alikuwa ameitwa, kwa sababu ya mapatano. Mukurugenzi wetu, mutu mwema mwenye alikuwa na kahawa ya watu imejaa depot na marubani wanne tu, alisikiliza na kushika kichwa. Akauliza nani anajua. Tukasema siye wenye tuko hapa. Akasema basi siku ya kupimwa bado, Commandant aendelee polepole mupaka mavuno yaishe, Kisembo iko karibu yake, kijana ana macho. Kisembo ni mie. Nilisikia yale maneno na kuona kwamba ni yale yale yenye nilijiambia miezi miwili, na namna yanavyokuwa mabaya yakitoka katika mudomo wa mutu mwingine.

Hata Erik, kwa huruma, alisema, "Ndugu yangu, ungeweza kungoja siku yako ya kupimwa. Hakuna mtu angekuhukumu."

Udaga alitoa mufukoni licence yake, ruhusa ya kurusha ndege, akaiweka juu ya meza. Alisema, "Karatasi ya mapatano niliiandika nikifikiri wengine. Sasa nimefika humo mie mwenyewe. Mukinipitisha mulango wa nyuma, nani mwingine ataingia na wa mbele?"

Erik alivua kofia. Mukurugenzi aliiacha licence pale juu ya meza, hakuigusa, mupaka tulipotoka.

Mapatano ilionyesha nguvu yake wakati ule. Misioni ilitukopesha ndege ndogo na rubani wake miezi miwili. Safari yetu moja, rubani yule aliifanya mara nne, na magunia ya kahawa juu ya viti vya wapasta. Mie nilipimwa, nikajaribiwa, nikapewa kiti cha kushoto. Wenzangu walitaka tusherehekee. Nilikwenda nyumbani Bogoro siku mbili nikamusaidia baba kulima. Yeye hakuuliza kitu.

Ulikuwa mutoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa misioni alitoa wa kwanza, halafu baada ya mwezi wa pili. Udaga alitoka na miwani minene yenye ilimukuza macho kama ya bundi, na mutu wa kwanza mwenye alimuona na miwani ile, akiwa mbali kule ngambo ya barabara, Udaga alimuita jina na kumuuliza kama mama yake amepona. Lakini kurusha ndege hakurudi, wala hakuomba. Alirudi kiwanjani kufundisha copilote. Miaka sita, kila asubuhi, alikuwa anakuja na miguu, kijana mumoja upande wake, mikono ikionyesha mawingu. Copilote wote wa Bunia wa miaka ya themanini wamepita katika njia ile. Wengine walinifikia kwenye kiti cha kulia, na wawili kati yao waliniambia "Tupande". Mumoja wao alikosea, kilikuwa kivuli cha wingu. Nilipanda. Chini nilimushukuru, na nilikuwa namaanisha.

Mara ya mwisho nilimubeba ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ile ya themanini. Aliamua kurudi kwao Mahagi, shamba la baba yake lilikuwa linamungoja, na Mama Akumu alikuwa ametangulia na vyombo. Alifika kiwanjani na sanduku moja ya mbao. Furaha alitaka kumupitisha. Alikataa, akapanda bascule kama wengine, akasoma kilo zake kwa sauti, akafungua sanduku bila kuombwa. Kulikuwa na nguo, Biblia, na redio. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mulango, kwa sababu ndicho kilibaki.

Miaka zaidi ya kumi na tano nilikuwa nimetua mbele ya macho ya mutu yule, na baadaye mbele ya miwani yake akiwa amesimama chini. Lakini kumubeba nyuma ilikuwa jambo lingine. Juu ya milima kulikuwa na upepo. Nilitafuta kimo chenye kilikuwa na utulivu, nikakikosa, nikatafuta kingine. Copilote wangu alisoma namba zote. Nilimutuma Furaha atazame kama muzee anahitaji kitu.

Alirudi akasimama nyuma ya kiti changu. Akasema Commandant Udaga analala. Alilala tangu tulipoacha Bunia, kichwa juu ya dirisha, miwani mukononi.

Tukashuka Mahagi. Nilishusha ndege polepole kuliko siku zote za maisha yangu. Nikazima moteur, nikapita katikati ya abiria wenye walikuwa wanasimama, nikafika nyuma. Alikuwa amelala bado. Furaha alimugusa bega. Akafungua macho, akavaa miwani, akanitazama mie nimesimama pale, akageuka kutazama viti vinatoka watu.

Akauliza, "Tunangoja nini? Mbona hatuondoke?"

Nikamuambia tumefika, Commandant, hapa ni Mahagi. Alitazama kupitia dirisha muda murefu, mupaka alipomuona Mama Akumu amesimama karibu na mapipa na mwavuli. Halafu alishika mukono wangu ili asimame, akauacha alipokuwa amesimama, na akashuka mwenyewe.